Printa Haijafa, Imelala

 

Vijana wenzangu, tafakari ya wiki hii inahusu printa. Najua tuko Kwaresima na wengine mlitegemea niandike tena juu ya kufunga na sadaka. Hayo tumeyasema, na tutayarudia. Ila pale kigangoni kwetu mimi ndiye fundi wa bure. Mashine ya mtu ikigoma, napigiwa simu mimi. Na nimeona tabia moja inayojirudia kila nyumba: printa ikikaa kimya dakika tano, watu wameshatoa hukumu. "Imekufa hii." Inapigwa kofi la ubavuni, inachomolewa, inachomekwa, inalaumiwa na aliyeiuza. Halafu ndiyo fundi anaitwa, kama padre wa mpako.

Sasa nisikilizeni kidogo, maana bila kuelewa hili hamtaelewa ninachotaka kusema baadaye.

Printa ya waifai ya nyumbani imetengenezwa ili ilale. Ile ndogo ya leza, inapochapa, sehemu yake ya kupasha joto inakula umeme wa mamia ya wati. Kwa hiyo ikikosa kazi kwa muda inazima kioo, inaacha kupasha joto, inabaki na wati chache tu. Ukiitazama utadhani imezimwa, lakini sikio lake la waifai liko wazi. Kazi ikitumwa kwake inashtuka, inanguruma kidogo, inavuta karatasi. Huo ni usingizi wa afya kabisa.

Hali ya pili inafanana na hiyo kwa macho, lakini siyo hiyo. Printa nyingi zina mpangilio wa kujizima zenyewe baada ya saa kadhaa. Hapo hata sikio limezimwa. Tuma kazi mara mia, piga novena nzima, haisikii. Dawa yake ni moja: mtu ainuke kwenye kiti, aende mpaka ilipo, abonyeze kitufe kwa kidole chake. Mpangilio huo unaweza kuuondoa, lakini siku ya kwanza lazima uende kwa miguu.

Hali ya tatu ndiyo ninayokutana nayo zaidi, na ndiyo inayowadanganya watu. Printa ni nzima, pengine hata haijalala, ila kompyuta inaiita mahali ambapo haipo tena. Ruta inakipa kila kifaa namba yake, tuseme ndiyo anwani yake ndani ya nyumba. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kugawa namba upya, na printa iliyokuwa namba 5 ikajikuta namba 9. Kompyuta haijaambiwa. Inaendelea kubisha hodi kwa namba 5, haitikiwi, mwishowe inaandika kwa rangi ya kijivu: oflaini. Mwenye nyumba anasoma neno hilo anasema printa imegoma kuamka. Printa haijagoma. Wala haijui kama kuna mtu anaiita.

(Na nyie mnaotumia hotispoti ya simu, yenu ni mbaya zaidi. Simu nyingi huzima hotispoti zenyewe zisipoona kifaa kinachoitumia. Printa inalala, simu nayo inafunga duka, printa ikiamka haikuti mtandao. Na kaka mwenye simu akipanda daladala kwenda Buzuruga, ameondoka na waifai mfukoni.)

Alhamisi ile baada ya Jumatano ya Majivu niliitwa nyumbani kwa katibu wa vijana wa kigango chetu. Jioni, umeme ulikuwa umekatika mchana na kurudi. Alikuwa na mafaili mawili. La kwanza ni Njia ya Msalaba, nakala 40 za Ijumaa. La pili ni orodha ya wanachama hai, iliyotakiwa kufika parokiani Jumamosi. Katika orodha ile majina sita yalikuwa yameondolewa. Sababu iliandikwa kwa kifupi pembeni: hawaonekani.

Kwa kijana asiyejua mambo yetu, jina kuondolewa linaweza kuonekana ni kazi ya kalamu tu. Siyo. Ukitaka kubatiza mtoto, ukitaka kufunga ndoa, ukiombwa kuwa msimamizi wa mtu, swali la kwanza ni lile lile: unasali jumuiya gani, na wanakutambua? Ukifiwa, wanaokuja kusali na kukesha na wewe ni wale ambao jina lako liko kwenye daftari lao. Kikundi chetu nacho kina mfuko wa rambirambi. Asiyekuwa kwenye orodha, hata akifiwa na mzazi, mfuko haumjui. Kwa hiyo yale majina sita hayakuwa wino. Walikuwa watu sita.

Nikaanza kazi. Nikabonyeza kitufe cha printa. Ikaamka vizuri tu, kioo kikawaka. Hicho ni kipimo cha kwanza, na watu wanakiruka. Kabla hujagusa kompyuta, iambie printa yenyewe ichape karatasi ya taarifa zake za mtandao. Nyingi zina njia ya kufanya hivyo kwenye menyu, nyingine kwa kushikilia kitufe kwa sekunde kadhaa. Ikichapa, ujue moyo unadunda, wino upo, karatasi inapita. Tatizo liko kwenye mawasiliano.

Karatasi ilikuwa bado inatoka alipoingia mama mmoja wa WAWATA, jirani, aliyekuja kufuata nakala zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Bado tu hiyo mashine?"

"Bado mama. Imelala, haitaki kuamka."

Akavuta kiti karibu na laptopu. Orodha ilikuwa wazi kwenye kioo. Akaisoma polepole, kidole kikishuka jina kwa jina, mpaka chini. Akarudi juu.

"Katibu, mbona mwanangu simwoni?"

Katibu akaeleza kwa heshima. Kwamba hajaonekana tangu Oktoba. Kwamba wamempigia, namba haipatikani. Kwamba kwenye grupu wametuma ujumbe mara nyingi, kimya. Kwamba utaratibu ni miezi mitatu.

Mama hakupandisha sauti. "Mwanangu yuko kambini, visiwa vya huko Ukerewe, kwenye dagaa. Anaingia ziwani jua likizama, anatoka jua likichomoza. Nyie Dominika saa nne mnapokaa kikao, yeye ndiyo anaweka ubavu chini. Ile simu yake iliangukia majini. Ana namba nyingine, ninayo hapa. Hakuna aliyeniuliza."

Mkononi nilikuwa na ile karatasi. Printa ilikuwa namba 9. Kompyuta ilikuwa inaita namba 5.

Sitawaambia kwamba printa ile iliongozwa na Roho Mtakatifu. Ilikuwa ni ruta na kukatika kwa umeme. Lakini katibu aliiangalia ile karatasi, akamwangalia mama, akafuta foleni ya kazi zote zilizokuwa zinasubiri kuchapwa. Tukairekebisha anwani, ikachapa Njia ya Msalaba nakala 40 bila kusita. Orodha haikuchapwa usiku ule.

Sasa fungueni Marko sura ya 5, kuanzia aya ya 35. Mnaijua habari ya binti wa Yairo, ila isomeni leo mkiwatazama wale watu waliokuwa nyumbani. Walikuwa wamemaliza. Waliotumwa njiani walimwambia baba asiendelee kumsumbua Mwalimu, kwa sababu mtoto ameshafariki. Nyumbani vilio vilikuwa vimeanza. Yaani utaratibu wote wa msiba ulikuwa unaendelea. Yesu anafika anasema mtoto amelala tu. Wakamcheka.

Mimi huwa nakaa sana hapo kwenye kile kicheko. Watu waliokuwa wanalia kwa uchungu dakika moja iliyopita, wanacheka. Ni kicheko cha mtu aliyeshafunga faili. Ukimwambia kijana fulani hajapotea, kuna kiongozi anakucheka hivyo hivyo: "Yule? Yule alishakufa kiimani." Tunalitamka neno hilo kwa wepesi ajabu, kuliko hata tunavyosema printa imekufa, na printa angalau tunaita fundi.

Angalieni na alichofanya Bwana. Hakumwita mtoto akiwa barabarani. Hakutuma mtu aende kumwambia. Aliwatoa nje wale wenye kelele, akaingia mpaka alipolala, akamshika mkono. Akasema naye kwa lugha ya nyumbani kwao, Kiaramu, na Marko aliona maneno yale ni mazito hata akayaacha katika lugha ile ile. Na alipoamka, Yesu akaagiza apewe chakula. Hakuanza kumwuliza alikuwa wapi.

Halafu nendeni Luka 5. Petro na wenzake wametoka kazini. Wamefanya kazi usiku kucha, hawajapata kitu, wako ufukweni wanaosha nyavu. Wavuvi wa usiku, jamani, kama wa kwetu! Na Yesu anawakuta hapo hapo, saa yao ya kutoka kazini, mahali pao pa kazi, anaomba kukaa ndani ya mtumbwi wao. Katika Yohana 21, baada ya Ufufuko, anafanya tena: asubuhi, ufukweni, amewasha moto wa makaa, samaki na mkate viko tayari kwa watu waliokesha majini. Bwana alijua zamu zao. Huwa najiuliza ingekuwaje kama angepanga kikao saa nne Sinagogini Kafarnaumu na kuandika waliokosekana.

Najua kuna atakayesema: basi kila mvivu atapata kisingizio. Hapana. Uvivu upo. Baba Mtakatifu Fransisko aliwaambia vijana kule Kraków mwaka 2016, kwenye mkesha wa Siku ya Vijana Duniani, wasidhani kochi ndiyo furaha, na maneno yale yalitugusa wengi kwa sababu tunalijua hilo kochi. Ila huwezi kujua kama mtu yuko kwenye kochi au kwenye mtumbwi kwa kusoma neno "hayupo" kwenye daftari. Lazima upate karatasi yake ya taarifa.

Nawapa mfano mmoja wa hapa hapa kwetu, na ningependa kila kijana wa Mwanza aujue. Mwaka 1882 Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, waliondoka Buganda. Walikuwa wamefika huko miaka mitatu tu nyuma, na waliobatizwa walikuwa wachache. Walivuka ziwa kuja upande wetu wa kusini, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni Bukumbi, hapo Misungwi. Hebu jiwekeni mahali pao. Mko Bukumbi. Nyuma yenu kuna ziwa zima. Ng'ambo ya pili mmeacha Wakristo wachanga, hawana padre, hawana Misa, hawana Kitubio. Hakuna simu. Mtu yeyote mwenye akili ya kawaida angeandika Buganda: oflaini.

Walirudi mwaka 1885, baada ya Mfalme Mutesa kufariki na Mwanga kushika kiti. Wakakuta Wakristo na wakatekumeni wameongezeka. Wakati wote ule wa ukimya vijana wa ikulu walikuwa wanafundishana dini wao kwa wao. Aliyewaongoza alikuwa mlei, Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa amebatizwa mwaka ule ule wa 1882, mtumishi wa mfalme. Huyo ndiye aliyekatwa kichwa tarehe 15 Novemba 1885, na usiku ule ule Karoli Lwanga akaomba ubatizo, akabatizwa. Tarehe 3 Juni 1886 Lwanga na wenzake wakachomwa moto Namugongo. Hao ni mashahidi tunaowaimba kila mwaka. Waliiva katika kipindi ambacho, ukitazama kutoka Bukumbi, ng'ambo palikuwa kimya. Kanisa lilikuwa limehama kutoka nyumba ya mapadre likaingia kwenye vyumba vya walei, na likaendelea kuchapa.

Turudi kwenye yale majina sita, maana mtauliza. Orodha ilifika parokiani Jumamosi ikiwa na majina yote, na barua fupi ya kuomba muda. Tuligawana kutafuta. Kijana wa dagaa alipatikana kwa namba ile ya mama. Alikuja Mwanza wiki ya mbalamwezi, tukakutana Kirumba pale Mwaloni, akiwa na magunia ya kuuza. Sitawadanganya kwamba alikuwa anaongoza Rozari kila usiku kwenye mtumbwi. Alisema anasali akikumbuka, na anakumbuka zaidi upepo ukiwa mbaya. Alisema pia kwamba alijua tumeshamtoa, kwa hiyo hakuona sababu ya kutafuta namba zetu. Ana mtoto wa miezi miwili ambaye hajabatizwa. Alikuwa anaogopa kuuliza.

Wa pili tulimpata Geita, mgodini, anasali vizuri kabisa kwenye parokia ya huko, na hakuwa na habari kwamba kuna barua ya kuhama. Dada mmoja yuko nyumbani anauguza bibi yake, nyumba ya nne kutoka kanisani. Huyo imekuwa ni suala la mtu kwenda na Ekaristi ipelekwe kwa bibi. Mmoja amehamia kanisa jingine, amesema wazi, tumeagana kwa amani. Mmoja amekataa kabisa kuzungumza nasi, na huyo tumeamua asipigiwe tena simu. Mmoja wetu anayeishi mtaa wake atampitia, taratibu, bila daftari. Wa sita bado hatujui yuko wapi. Jina lake halijafutwa.

Na kikao cha vijana kimebadilika kidogo. Kimoja kwa mwezi sasa kinafuata mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa kuvutia dagaa gizani. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, wengi wanapumzika na kurudi nyumbani. Kwa hiyo siku zinazozunguka mwezi mpevu ndizo siku ambazo vijana wa ziwani wako bara.

Padre alipolisikia hilo alicheka, akatuambia kitu ambacho nilipaswa kuwaandikia mapema. Pasaka yenyewe inahesabiwa kwa mwezi. Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, ulitaka Wakristo wote waadhimishe Pasaka Dominika moja, na hesabu tunayofuata ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Maana yake mwezi mpevu huangukia ndani ya Juma Kuu. Kila mwaka. Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu, Mkesha wa Pasaka, kwa kawaida huwa karibu na siku ambazo mtumbwi wa dagaa una kazi ndogo. Kalenda ya Kanisa ilikuwa imeshawawekea nafasi wavuvi wa usiku, karne nyingi kabla ya katibu wetu kununua printa.

Kwa hiyo tunajiandaa. Kuna watakaofika Juma Kuu kutoka visiwani, na baadhi wana muda mrefu bila Kitubio. Padre ameahidi kukaa kitubioni Jumatano na Alhamisi jioni mpaka mtu wa mwisho. Anayeweza kumpa mtu mahali pa kulala siku hizo, amwambie katibu. Na ukimwona mgeni kanisani ananukia dagaa, msogelee umsalimie, umpishe kwenye benchi.

Wiki hii bado ni giza, wako kazini. Ukiwa mahali unapoliona ziwa usiku, tazama mbali utaona taa zao zimejipanga kama mji mwingine. Toa fumbo moja la Rozari kwa ajili yao kabla hujalala, hasa kwa ajili ya yule wa sita, popote alipo.

Kwa wenye printa: washa ruta kwanza, subiri dakika mbili, halafu printa, halafu kompyuta. Ikigoma bado, linganisha namba mbili nilizosema, na ukishaipata sahihi iambie ruta iitunze namba hiyo kwa printa hiyo peke yake isigawiwe kifaa kingine. Ukishindwa, niandikie. Ila nitumieni picha ya ile karatasi ya taarifa, jamani, siyo picha ya printa. Printa naijua inavyofanana.